Aliyekuchagulia Hakukuuliza

Twataka leo kuzungumza na ndugu zetu wasomaji juu ya jambo ambalo wengi wao hulishika mkononi kila siku wala hawalioni. Nalo ni hili: unapoifungua simu yako ukaandika neno ili utafutiwe khabari zake, ni nani aliyeamua kwamba swali lako liende kwa huyu anayekujibu, lisiende kwa mwengine? Huenda msomaji akasema, "Hayo ni mambo ya mafundi, sheikh ana nini nayo?" Twamuomba astahamili kidogo. Mimi nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka nilipokwenda Ogembo.

Ogembo ni mji mdogo katika kaunti ya Kisii, katika nchi ya vilima, migomba na mashamba ya majani chai. Ni mbali sana na pwani yetu; mtu atokaye Mombasa huivuka Kenya karibu yote ndipo afike. Nilialikwa huko mwezi wa Novemba mwaka 2025 na mfanyabiashara mmoja, mtu wa kwetu aliyehamia huko zamani. Mvua ilikuwa hainyamazi. Siku ya pili nikataka kupigiwa chapa karatasi za darsa, na mwenyeji wangu akanipeleka kwenye duka la kompyuta, chumba ambacho vijana wa Kenya hukiita saiba. Mwenye duka ni kijana wa Kikisii asiyepita miaka thelathini, mpole, mwepesi wa kazi; huwajazia watu fomu za kodi, huwatolea nakala, huwaandikia barua za kuomba kazi.

Nilipokuwa nangoja akaingia mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akakaa kwenye kompyuta ya pembeni aliyoizoea. Haikupita dakika tano akainuka kwa ghadhabu. Alikuwa ameandika maneno yake ya kila mwezi ya kutafuta khabari za pensheni, na mahali pa ukurasa aliouzoea pakamtokea ukurasa mwengine wenye picha ya bata. Mzee yule alikwisha kusikia khabari za wezi watengenezao kurasa za uwongo ili wapate nywila za watu, akadhani ametiwa mtegoni.

"Kijana, mashine yako hii imeingiliwa na wezi."

"La, mwalimu, haikuingiliwa. Ni mimi nimeibadilisha. Huyo bata ni mtambo mwengine wa kutafuta. Ule wa kwanza huhifadhi mnayoyauliza, na humu ndani watu huja na maradhi yao na siri zao. Nimewafanyia hisani nyote."

"Nani alikwambia nataka hisani yako? Uliniuliza?"

Kijana akainamisha kichwa. "Nisamehe, omogaka," akasema, na hilo ndilo neno la heshima wamwitalo mtu mzima kwa lugha yao.

"Wale wenye kampuni huko Marekani hawakuniuliza. Na wewe, niliyekusomesha darasa la tano, hukuniuliza. Basi tofauti yenu ni nini?"

Nilichukua karatasi zangu nikatoka, lakini swali lile likanifuata mpaka kwenye ugali na chinsaga za mwenyeji wangu, likapanda na mimi basi la kurudi. Tofauti yao ni nini? Nikaona sina jawabu. Tena nikaona kwamba mimi, ambaye kazi yangu ni kuulizwa na kujibu, sijapata hata siku moja kujiuliza khabari hii.

Kabla ya kwenda mbele, natuwafahamishe wasiojua. Kivinjari ni ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, mfano wa Chrome, Firefox, Safari na Opera. Mtambo wa kutafuta ni kitu kingine: ndio upokeao maneno yako ukakuletea orodha ya kurasa, kama Google, Bing, au DuckDuckGo, ambayo ndiyo ile yenye bata. Watu huvichanganya kwa sababu vimeshonwa pamoja. Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilikuja na kisanduku kimoja tu juu, humo huandikwa anwani na humo humo huandikwa swali. Tukisema kwa lugha ya watu wa bahari, kivinjari ni chombo na mtambo wa kutafuta ni rubani, na kila chombo hutoka kiwandani rubani wake amekwisha kukaa kwenye usukani. Mafundi humwita chaguomsingi, yaani chaguo lililokuwapo kabla wewe hujachagua.

Kumbadilisha rubani huyo si kazi. Katika Chrome ya simu utagusa vidoti vitatu vilivyo pembeni, uingie Mipangilio, kisha Mtambo wa kutafuta, utaona orodha, uguse umtakaye. Haitimii dakika moja. Nimefanya mwenyewe, na macho yangu haya ya miwani. Kwa hiyo hapana mtu aliyefungwa kamba, na twalisema hili mapema kwa kuwa wako watu ambao wakisikia maneno kama haya hukimbilia kupiga kelele kwamba tumetekwa. Hatukutekwa.

Lakini ikiwa kumwondosha ni wepesi kiasi hicho, mbona kukaa kwake pale hununuliwa kwa mali nyingi mno? Mwezi wa Oktoba mwaka 2020 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishitaki kampuni ya Google mbele ya mahakama ya Washington, na katika kesi hiyo yakadhihirika mahesabu yaliyokuwa yamesitiriwa. Katika mwaka 2021 peke yake Google ililipa dola bilioni 26.3 kwa watengenezaji wa simu, wenye vivinjari na kampuni za mawasiliano, ili iwe yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Kwa kima cha leo hizo ni zaidi ya shilingi trilioni tatu za Kenya. Mwaka 2022 kampuni ya Apple peke yake ilipokea kiasi cha dola bilioni 20. Tarehe 5 Agosti 2024 jaji Amit Mehta alihukumu kwamba Google imevunja sheria kwa kujilindia ukiritimba wake kwa mikataba hiyo. Tarehe 2 Septemba 2025 akaeleza lipi lifanywe: alikataa kuilazimisha iiuze Chrome, akapiga marufuku mikataba ya kuwafungia wengine mlango, lakini kule kulipa ili uwekwe mbele hakukukataza.

Sasa hebu natufikiri kama watu wa mji wa bandari, maana mambo haya kwetu si mageni. Mgeni anashuka na mzigo wake, haujui mji. Anatokea mtu mwenye uso mkunjufu, anamchukulia sanduku, anampeleka moja kwa moja kwenye nyumba ya wageni. Chumba ni kizuri na kitanda ni safi. Huenda ikawa ndiyo nyumba iliyo bora katika mtaa mzima. Asilolijua mgeni ni kwamba yule mchukuzi analipwa na mwenye nyumba kwa kila kichwa anachokileta. Je, mgeni huyu amedhulumiwa? Fedha hakuibiwa. Kulala atalala vizuri. Lakini kitu kimechukuliwa kwake, nacho ni ile nafasi ya kusimama njiani akautazama mlango wa pili na wa tatu kabla ya kuingia. Na aliyekichukua amekiuza, ilhali hakikuwa chake.

Atasema msemaji: "Google ndiyo iliyo bora, hata angesimama njiani angeichagua yeyo hiyo." Huenda ikawa ni kweli, jaji huyo huyo aliandika katika hukumu yake kwamba ubora wake hauna mfano katika kazi hiyo, na sisi hatuna haja ya kuupinga. Lakini kesi hiyo ilileta na hesabu nyingine ambayo msomaji aipime mwenyewe. Katika nchi ya Marekani, kwa ujumla, maswali karibu 90 katika kila 100 huenda Google. Ila katika kivinjari cha Edge cha kampuni ya Microsoft, ambamo rubani aliyewekwa ni Bing, maswali kiasi cha 80 katika 100 huenda Bing. Nchi ni ile ile, na njia ya kubadilisha iko wazi kwa wote. Hapana shaka katika watumiaji wa Edge wako waipendao Bing kwa khiari yao. Lakini kama kila mtu angekuwa anachagua kwa ubora, tofauti kubwa hivyo ingetoka wapi? Kilichobadilika khasa ni nani aliyewahi kuketi.

Basi yatupasa tulitazame lile neno wanalolikimbilia wenye kampuni zote: kwamba mtu hakubadilisha, na asiyebadilisha ameridhia. Wanavyuoni wetu waliipambanua mas-ala hii karne nyingi kabla ya kompyuta. Asili yao ni kwamba mtu aliyenyamaza hanasibishwi na kauli yoyote. Huwezi kumtilia maneno mdomoni kwa sababu hakusema. Pana mahali kimya huhesabiwa kuwa ni jawabu, na mfano wake aujua kila mzazi: mwanamwali aombwaye idhini ya nikaha akaona haya kutamka. Lakini tazama sharti lake. Huyo mwanamwali ameombwa. Ametajiwa mtu, amefahamishwa, amepewa nafasi ya kukataa, ndipo akanyamaza. Kimya chake kina maana kwa sababu kimetanguliwa na swali. Kimya cha mtu asiyeulizwa ni cha jiwe. Hata Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeandika kwamba idhini ya mtu katika khabari zake iwe ya wazi, ya khiari, yenye kujua, kwa kauli yake au kwa kitendo chake. Sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya jambo hili letu khasa, lakini mzizi wa fikra ni mmoja.

Ulaya walijaribu kuuliza. Mwezi wa Julai mwaka 2018 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34 kwa mambo ya simu za Android, na baadaye wanunuzi wa simu mpya za aina hiyo huko wakawa wanawekewa orodha: mchague mtambo umtakao. Likawa jambo jema. Ila kuanzia mwaka 2020 nafasi za kutajwa ndani ya orodha hiyo zikawa zinapigwa mnada, mwenye kutoa zaidi ndiye anayeandikwa, na haukuachwa mnada huo mpaka Septemba mwaka 2021. Nilipoisoma khabari hii nilicheka peke yangu, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. Huku kwetu hata hiyo orodha hatuna. Simu hutolewa kwenye boksi, rubani yuko kwenye usukani, na safari huanza.

Turudi kwa kijana wa Ogembo. Ni dhahiri kwamba yeye na wale si sawa kwa nia. Hakulipwa hata senti na mwenye bata. Aliyaona maswali ya watu wanyonge, mwenye kisonono, mwenye deni, msichana mwenye hofu, akataka kuwasitiri. Sitara ni jambo kubwa kwetu, na mimi sitamlaumu kwa kuitaka. Lakini je, alijua anampeleka nani kwa nani? DuckDuckGo, iliyoanzishwa mwaka 2008, yasema haiweki kumbukumbu ya maswali ya mtu. Ila sehemu kubwa ya viungo inavyovionyesha huvipata kwa Bing, yaani kwa Microsoft, nayo huishi kwa matangazo kama wenzake. Na mwezi wa Mei mwaka 2022 iligundulikana kwamba kivinjari chake yenyewe kilikuwa kikiwaachilia baadhi ya wafuatiliaji wa Microsoft wapite, kwa sababu ya mkataba baina yao. Watu wakalalamika, na mwezi wa Agosti mwaka huo ikatangaza kuwazuia. Kijana hakuwa na khabari ya hayo. Atakaye kuwachagulia wengine pasi na kuwauliza hujitwika mzigo wa mambo yote asiyoyajua, na siku ya kuharibika hana wa kushirikiana naye lawama.

Tena madhara yake yalionekana pale pale. Mzee alitetemeka kwa kudhani pensheni yake imekwenda. Hisani gani hiyo, inayomfika mtu kwa sura ya wizi?

Hata hivyo naona swali la mwalimu lina jawabu, nami nililipata basi likiwa limekwisha kupita Voi, jambo ambalo halikumfaa yeye wala mimi. Tofauti yao ni kwamba kijana aweza kugombezwa. Mwalimu aliinuka kitini, akamkabili uso kwa uso, akamuuliza uliniuliza, na kijana akainamisha kichwa. Kosa lilikaa mahali ambapo mkono wa aliyekosewa unafika. Yule mwengine hana dirisha la kugongwa. Ukiinuka kitini Ogembo, au Lamu, au Malindi, ukasema uliniuliza, utamwambia nani? Ilibidi serikali ya dola kubwa ifungue kesi, ingoje karibu miaka minne, ndipo swali hilo hilo la mzee mmoja lipate hukumu, na hukumu yenyewe ni ya Marekani.

Wala hatusemi pasiwe na chaguomsingi. Kisanduku hakiwezi kuwa kitupu; lazima awepo wa kwanza. Baba humchagulia mtoto chuo, mwalimu humchagulia mwanafunzi kitabu cha kuanzia, na mwenye duka huweka mchele mmoja mbele na mwengine nyuma. Anayemtangulia mwenziwe katika kuchagua ameshika amana, na amana hiyo, kwa fikra yangu, yamtaka aseme kwamba amechagua, aseme kama kuna anayemlipa, na akae mahali atakapopatikana. Kampuni zile hazikutimiza hata moja katika hayo mpaka zilipoburutwa mahakamani. Kijana wetu alikosa la kwanza tu.

Hapa kalamu yangu ingependa kusimama, lakini itakuwa ni khiyana kumtaja kijana wa watu na kujisitiri mwenyewe. Wiki mbili kabla ya safari hiyo nilikuwa nimemwamrisha fundi abadilishe mtambo wa kutafuta katika kompyuta nne za madrasa yetu. Nilisoma mahali khabari za kufuatiliwa kwa watoto, nikapandwa na hima. Sikuwaambia wanafunzi, sikuwaambia wazee wao, wala sikumwambia mwalimu mwenzangu anayefundisha humo. Nilirudi nikawakusanya nikawaeleza. Mwanafunzi mmoja mkubwa akaniuliza, kwa adabu, mbona sikuwaambia siku ile. Sikuwa na la kumjibu ila kwamba sikudhani ni jambo la kuambiwa mtu. Tukawafundisha wakubwa njia ya kubadilisha. Watatu wakarudi kwenye Google siku ile ile, na mmoja wao akanipa sababu nzuri, kwamba akiuliza kwa Kiswahili hupata zaidi huko. Nami katika simu yangu nimejaribu yote mawili mwezi mzima, na kwa maswali ya Kiswahili nimeona kama alivyoona yeye.

Na kuna lililonichoma zaidi ya kompyuta nne. Watu wa mtaa wetu huniletea mimi maswali yao baada ya Magharibi kwa sababu mimi ndiye ninayekaa karibu na mlango. Ni wangapi waliopata kunilinganisha na mwengine? Wapo katika mji wetu masheikh wawili walionipita mbali katika elimu ya mirathi, nami nalijua hilo tangu ujana wangu. Ni mara ngapi nimemwambia muulizaji, "Hili mpelekee fulani"? Nimehesabu, na hesabu yenyewe naona haya kuiandika. Hapana aliyenilipa dola, lakini kuulizwa nako kuna utamu wake. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja na mas-ala ya nyumba ya marehemu mumewe, nikamwelekeza kwa mmoja wa masheikh hao. Alishukuru akaenda. Nilikaa pale mlangoni mpaka Isha nikiona uzito ambao sikuutarajia.

Juzi mwenyeji wangu wa Ogembo amenipigia simu. Asema yule kijana amezirudisha kompyuta zote kama zilivyokuwa, na kando ya kila moja amebandika karatasi yenye maelezo ya mitambo mitatu, kila mmoja unapata wapi fedha zake, na mahali pa kugusa kwa atakaye kubadilisha. Wateja wengi hawaisomi. Mwalimu aliisoma mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, akabaki na ule aliouzoea. Kisha kijana mwenyewe akachukua simu akanitaka shauri, kama karatasi ile aiandike na kwa Kikisii pia, kwa ajili ya kina mama wanaokuja siku za soko. Nikamwambia amuulize mwalimu.